Mitego Mitupu

4 Septemba

Mdogo wangu Bwana Barafu,

Huku tuko salama. Mama goti linamsumbua, lakini mdomo wake mzima kabisa: jana kamrudisha muuza mkaa kwa sababu gunia lilikuwa na vumbi. Mkaa gani hauna vumbi? Shemeji yako Fundi yuko kwenye mageti ya shule mpya, anachomelea kutwa, na akirudi nyumba nzima inanuka chuma. Watoto wanauliza mjomba atakuja lini. Na wewe je, bado unavaa koti la sufu kwenye kile chumba cha samaki wakati wenzako mjini wanatoka jasho?

Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu yangu ukiongea nayo unasikika hadi barabarani, na siku hizi sitaki kusikika.

Makopo ya kutegea nzi uliyompa kondakta yamefika yote. Nimeyatundika kama ulivyoelekeza, ndani ya matawi ya miembe penye kivuli, kila moja na pamba yake iliyoloweshwa dawa. Mwanzoni sikuamini. Kitu hakina asali wala sukari, kina harufu tu ya kuwafanya nzi madume wadhani kuna jike ndani, nao wanaingia kwenye vile vitundu wakisukumana. Wiki ya kwanza yalijaa hadi nikaona aibu kwa niaba ya madume wote. Bwana Shamba alikuja Ijumaa kuhesabu, akatikisa kichwa, akasema hapo uwanjani kwamba nzi wakiwa wengi hivi mnunuzi hatachukua embe hata moja.

Lakini Ijumaa iliyofuata makopo mengi yalikuwa matupu. Na hii iliyopita vivyo hivyo. Bwana Shamba kafurahi. Mimi sikufurahi. Nzi wengi kiasi kile hawahami kwa wiki moja kama wapangaji.

Nadhani kuna mkono wa mtu. Baba Mdogo siku hizi anapita sana kwenye uzio wetu, anasimama upande wa kisima, anatazama miti kama mtu anayechagua kitanda dukani. Unajua maneno yake: mnunuzi alikataa mwaka jana, akikataa tena shamba aliloacha baba yenu liuzwe, mgawane. Mimi nikilikosa hili shamba sina kingine ninachokijua. Niambie ukweli, amekupigia?

Wasalimie nyumbani kwako.

Dada yako

---

20 Septemba

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Pole na Mama, mwambie ngazi aziache kwa wenye magoti. Mke wangu anakusalimu. Tumbo sasa linaingia mlangoni kabla yake, na ameanza kuchukia harufu ya vitunguu, kwa hiyo tunakula vyakula vya ajabu.

Kabla sijasahau: barua usizitume tena kazini. Tumia anwani ya fundi cherehani niliyoandika nyuma ya bahasha. Duka lake liko chini ya chumba chetu, ananipa mkononi.

Kuhusu mitego, nimemuuliza aliyeniuzia. Alicheka. Anasema ni sisimizi. Wanateremka kwenye waya, wanaingia ndani, wanabeba nzi waliokufa mmoja mmoja hadi kopo linabaki tupu, na mkulima anabaki akigombana na majirani. Dawa yake ni grisi. Paka waya wote wa kutundikia, sisimizi hapiti. Shemeji hawezi kukosa grisi.

Na maembe yanayoanguka usiyaache chini. Yafunge kwenye mfuko mweusi uuweke juani, au yafukie kwenda chini kabisa. Mitego inakamata madume tu. Majike waliokwisha kupandwa wanaendelea kutoboa matunda na kutaga, na funza wakitoka kwenye embe lililooza wanaingia udongoni, wanarudi wakiwa nzi.

Dada, ukianza kumshuku kila anayesimama kwenye uzio utaumwa kichwa. Baba Mdogo ni mzee, anatembea kwa sababu ameambiwa atembee.

Nakutumia dawa nyingine kwa basi la Jumatano.

Mdogo wako

---

2 Oktoba

Mdogo wangu,

Dawa imefika, asante. Mama anamtakia mkeo heri na anasema vitunguu avikaange hadi viwe vyeusi, harufu itaisha. Usimfuate. Mtoto wangu wa mwisho ameng'oka jino na anatembea amefumba mdomo kama mwenye siri.

Grisi nimepaka. Nimepaka waya wote hadi mikono yangu ikawa kama ya mume wangu. Sisimizi wamefika pale wakageuza, nimewaona kwa macho yangu. Na Ijumaa makopo yalikuwa matupu. Si matupu tu, yalikuwa safi. Ndani hamna bawa wala mguu wa nzi. Sisimizi gani anakula halafu anafuta meza?

Sasa sikiliza jambo la kutisha. Nimepasua embe la mti wa kisimani, zuri kwa nje, ila lina kitobo kidogo kama cha sindano. Ndani funza wanacheza. Nikapasua la pili na la tatu. Nikamwita Bwana Shamba nikamwomba tuanze kunyunyiza chambo kwenye majani, kile cha kuwaua majike. Akafungua makopo, akasema, "Dada, makopo yanasema hakuna nzi. Chambo ni gharama ya bure. Hayo matatu huenda ni ya bahati mbaya." Yeye anaamini makopo, mimi naamini maembe, na mnunuzi anamsikiliza yeye.

Kwa hiyo nakuuliza bila kuzunguka: hii dawa ulinunua wapi? Haijachakachuliwa? Kama ni maji yaliyotiwa manukato niambie, sitakasirika. Nitakasirika, lakini niambie.

Na lile swali langu la Baba Mdogo umelipita kama mtu anayepita duka analodaiwa. Nimeliona. Juzi alikaa na Mama barazani, nikamsikia anasema, "Huyu mwanao naye, kutoka nyumba nzima hadi chumba juu ya fundi cherehani." Mimi sijamwambia mtu unakaa juu ya fundi cherehani. Mama hajui kusoma mwandiko wako, analalamika kila siku kwamba unaandika kama kuku. Basi Baba Mdogo kajuaje?

Kwa nini umehama? Hukusema.

Dada yako

---

25 Oktoba

Dada,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mke wangu alilazwa siku chache, sasa yuko nyumbani, daktari anasema apumzike. Yeye kupumzika ni kufua akiwa amekaa. Nimefurahi kusikia habari za jino.

Barua yako imenichoma. Dawa nilinunua duka la pembejeo karibu na stendi, lile lenye muhuri na risiti, na ukitaka risiti nitakutumia. Nimebeba makopo yako begani kuvuka mji mzima, abiria wenzangu wakiniuliza kama nauza ndoo. Mtu anayetaka shamba life hafanyi hivyo.

Mtaa ninaokaa si siri ya serikali. Watu wanaonana, wanaongea.

Lakini kwa kuwa umeanza kuuliza, na mimi nikuulize. Nani alitaka ile miti ya chini ikatwe ili ajenge karakana? Si Baba Mdogo. Shemeji. Alisema mbele yangu, siku tuliyomzika Baba, akiwa ameshika sahani ya chakula. Nani ana funguo za lango? Nani anatoka asubuhi kabla yako na anapita katikati ya miti? Grisi yenyewe umeitoa kwake, kwa hiyo akiwa na grisi mikononi hakuna atakayemuuliza. Sisemi ni yeye. Nasema tazama ndani kabla hujatazama kwenye uzio.

Salamu kwa Mama.

Mdogo wako

---

3 Novemba

Mdogo wangu,

Nafurahi mkeo yuko nyumbani. Mwambie nguo zisubiri, hazina miguu.

Umeniharibia ndoa kwa ukurasa mmoja. Tangu barua yako ifike namtazama mume wangu anavyonawa. Namtazama mikono, mikunjo ya shati, viatu. Ana grisi kila mahali, mtu anashinda kwenye mageti, grisi itathibitisha nini? Juzi nilimuuliza ghafla tukiwa tunakula, "Umepita kwenye makopo leo?" Akasema, "Makopo gani?" Nikamwona mwongo. Halafu nikakumbuka kuwa hata siku ya kuzaliwa kwa watoto wake anauliza mtoto gani. Usiku amelala anakoroma na mimi namtazama kama mlinzi wa benki.

Dawa yako nimeipima. Nilichukua kopo moja, nikaweka pamba mpya, nikalitundika kwenye mpera ulio nyuma ya choo cha Baba Mdogo, akiwa ameenda kliniki. Nilipolifuata jioni lilikuwa limejaa nzi. Kwa hiyo dawa ni nzima na nzi wapo. Kwa hilo nakuomba radhi. Kwa mengine bado.

Alhamisi ijayo, siku moja kabla Bwana Shamba hajaja, nitasema naenda sokoni. Nitatoka na kikapu, nitazunguka kwa nyuma, nitaingia kwenye mihogo. Nitaona ni nani. Barua hii siifungi mpaka nijue.

9 Novemba

Nimejua.

Nilikaa kwenye mihogo mpaka miguu ikafa ganzi. Mume wangu alishaondoka. Baba Mdogo alipita barabarani, akatazama, akaenda zake. Nikaanza kujiona mjinga. Halafu mlango wa jikoni ukafunguka, akatoka Mama. Kashika beseni kwa mkono mmoja, mwingine kashika ukuta kwa ajili ya lile goti. Begani kaweka kitambaa cha kufutia vyombo.

Akafika mti wa kwanza. Akashusha kopo kwa fimbo yenye ndoano, akafungua, akawamwaga nzi kwenye shimo la majivu. Akasuuza kopo kwa sabuni, mdogo wangu, kwa sabuni. Akalifuta ndani na nje kama glasi ya mgeni. Pamba akaikunguta, akairudisha, akatundika. Akahamia mti wa pili.

Nilitoka na majani kichwani.

"Mama, unafanya nini?"

"Huoni? Naosha."

"Unaosha mitego?"

"Ulitaka niiache ilivyo, na yule kijana anakuja kesho kukagua? Kopo limejaa nzi waliokufa, mtu mzima unalitundika mbele ya wageni!"

"Mama, yule hakagui usafi. Anahesabu nzi ili ajue tunyunyize dawa au la."

"Mimi si kiziwi. Alisema mwenyewe, hapo uwanjani, nzi wakiwa wengi mnunuzi hachukui. Basi nawapunguza."

Nilianza kucheka, unajua kicheko cha mtu aliyechoka. Yeye hakucheka. Akakaa juu ya ndoo, akakunja kile kitambaa mara nne, akasema bila kunitazama, "Mwaka huu lazima achukue. Asipochukua, mdogo wako ameshamwambia baba yenu mdogo auze nusu ya chini."

Nikamwuliza tangu lini anajua. Tangu mwezi wa sita. Baba Mdogo alimwambia, akamwomba asinifikishie mpaka mavuno. Naye hakunifikishia, alidhani maembe yakinunuliwa jambo lenyewe litajifia na sisi tutaendelea kuitana dada na mdogo. Miezi yote hii Mama yetu anaosha nzi ili tusigombane.

Nusu ya chini ni yako, sibishi, karatasi zinasema hivyo. Lakini kisima kiko huko, na miti yangu ya juu inakunywa kisima hicho hicho. Ukiuza nusu yako umeuza yote, na wewe unajua, kwa sababu wakati wa kiangazi tulikuwa tukipandisha ndoo wote wawili.

Kesho Bwana Shamba anakuja. Nikinyamaza, makopo yatasema hakuna nzi, maembe yatachumwa, na mnunuzi atakuta funza masandukuni. Nikisema, huenda akayakataa sasa hivi, na wewe utakuwa umeuza. Nitasema. Siwezi kuuza funza ili nikuzuie wewe.

Nina hasira na wewe kiasi kwamba nimevunja kalamu mbili. Uliniambia nitazame ndani. Nimetazama.

Dada yako

---

28 Novemba

Dada,

Nimeandika barua nne nikazichana. Hii itakwenda ilivyo.

Mke wangu mzima, mtoto anacheza tumboni. Hizo ndizo habari njema.

Vile vyumba vya baridi vya samaki vilifungwa mwezi wa tano. Mwenye kampuni alihamisha mitambo usiku, asubuhi tulikuta kufuli na mlinzi asiyetujua. Tangu hapo sina kazi. Nashinda kwenye benchi la fundi cherehani, nakata nyuzi na kushona vifungo, na yeye anatuachia chumba kwa bei ya huruma. Wewe uliniita Bwana Barafu, ukaniuliza habari za koti. Koti lilibaki ndani ya lile kufuli, na barua yako ya kwanza nilipewa getini na yule mlinzi. Nilishindwa kukujibu, nikaandika habari za sisimizi.

Baba Mdogo alinipigia wiki ile ile. Sijui alisikia kwa nani. Aliongea kwa upole sana, na mimi nilikuwa na hofu, na nilikuwa na hasira pia. Shamba ni letu sote, lakini tangu Baba afariki hakuna aliyeniuliza mti gani upunguzwe matawi au mnunuzi gani aitwe. Nilisema sawa, mnunuzi akikataa tena, uza nusu yangu. Nilikata simu nikajiona mwizi, na nikaendelea kuwa hivyo hivyo.

Utauliza kwa nini basi nilibeba makopo. Nilitaka ushinde, Dada. Ukishinda, neno langu lingekuwa halina kazi, na usingejua kama niliwahi kulisema. Na Shemeji nilimsingizia ili uache kunitazama mimi. Niombee radhi kwake, ukipenda bila kumwambia kosa.

Jana nimempigia Baba Mdogo nikamwambia asiuze kitu, mnunuzi achukue au asichukue. Aliniuliza nitamlisha nini mtoto, akakata. Lakini neno langu nimeliondoa. Kama huniamini, muulize.

Mdogo wako

---

10 Desemba

Mdogo wangu,

Nimemuuliza. Nimemuuliza mara mbili, siku tofauti, nione kama maneno yatafanana. Yamefanana. Mara ya pili alinifungia mlango.

Bwana Shamba alipoambiwa habari ya sabuni alikaa chini. Halafu akainuka akafanya kazi kama mtu, nakiri. Chambo kimenyunyizwa, makopo yamewekewa pamba mpya, maembe yaliyoanguka tumeyafukia mimi na mume wangu, shimo refu la kumzika ng'ombe. Miti ya kisimani mnunuzi ameikataa yote, kwa hiyo nusu yako mwaka huu haikutoa kitu. Ile inayochelewa kuiva, ya juu, ameipasulia maembe mengi, hakukuta funza, ameichukua. Si mavuno ya kujivunia, lakini ameahidi kwamba mwakani gari lake litarudi. Mama nimemkabidhi kazi ya kufungua makopo mbele ya Bwana Shamba kila Ijumaa. Hakuna anayewachukia nzi kama yeye, na sabuni nimeificha.

Mume wangu anakusalimu. Hajui kwa nini alikuwa anaangaliwa, alidhani nimeanza kumpenda upya.

Kuhusu kazi, nimelia. Si kwa huruma tu, na kwa hasira pia, maana dada yako ni mimi na fundi cherehani ndiye aliyejua. Umesema sikukuuliza. Ni kweli, niliuliza habari za koti tu. Nitajifunza kuuliza vizuri, lakini na wewe ukiulizwa ujibu.

Sasa hili nalisema bila kulipamba. Sijakuamini. Barua yako nimeisoma mara nyingi na kila mara natafuta ulichokiacha. Huenda nitakaa hivyo muda mrefu. Lakini chumba cha nyuma tumekifagia, Fundi amechomelea kitanda cha chuma, kizito, hakitavunjika, na Mama ameshaanza kugombana na mimi mtoto atalala upande gani. Miti yako inahitaji kupunguzwa matawi kabla ya mvua, na sitaigusa. Usimamie mwenyewe, useme tawi gani likatwe.

Njoo na mkeo kabla hajashindwa kupanda basi. Njoo ukae hapa, mahali ninapokuona.

Dada yako